Jibu kwa kijana wa fulu kontakti: ugoko unakomaa, kichwa hakikomai

"Shikamoo dokta. Mi kijana wa miaka 25, nipo Mtwara mjini, kazi yangu kuli kwenye ghala la korosho. Nina miezi nane kwenye karate ya fulu kontakti, ile ya kupigana kweli, staili ya kyokushin. Sparingi kali, yaani kupigana kwa mazoezi, tunapiga mara tatu kwa wiki. Ugoko wangu wa kulia una uvimbe mgumu kwa mbele, masenpai, wanafunzi waliotutangulia, wananiambia ndo kukomaa huko, niendelee kusugua na chupa na kupiga mnazi kila asubuhi. Paja la kushoto lilipigwa mwezi uliopita, mpaka leo kuna kitu kama jiwe ndani na goti halikunji vizuri. Wiki mbili zilizopita nilikula teke la kichwa nikaona giza kidogo, raundi nikaimaliza, ila siku tatu kichwa kiliuma na kelele zilikuwa zinanikera. Huwa nameza diklofenaki mbili kabla ya mazoezi ili nisisikie maumivu. Kuna mashindano Dar baada ya miezi mitatu, nataka kwenda. Je hivi ndo inavyotakiwa au najiharibu? Na mdogo wangu wa miaka 13 anataka kuanza, nimlete?"

Marahaba mdogo wangu. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja kliniki, maana wengi wanakuja na jeraha moja la kunionyesha na manne wameyaficha. Nikikusoma naona maumivu yenyewe hayakusumbui sana, umeshayazoea, kinachokusumbua ni kwamba labda huku kuzoea ndo tatizo. Na uko sahihi kwa sehemu. Ugoko, paja na kichwa umeviandika kwa mpangilio mmoja kwa sababu vyote vimepigwa, ila mwili unavipokea tofauti kabisa. Mfupa unakomaa ukipewa muda, nyama inazoea kiasi fulani, kichwa hakikomai hata ukipigwa miaka ishirini. Pale dojo, ukumbini kwenu kwa mazoezi, mmevifanya vyote kitu kimoja, ndo shida inapoanzia.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa sababu sheria zake ndo zinapanga wapi utaumia. Hii staili aliyoianzisha Masutatsu Oyama inapiganwa mikono mitupu bila glavu, ngumi ya kichwa hairuhusiwi, teke na goti kichwani ruksa. Sasa ngumi ya uso ikiondoka watu wanasogea, wanasimama kifua kwa kifua wanatwangana mbavu na mapaja, mikono inashuka kulinda mbavu, halafu ghafla kuna teke linapanda. Ndo maana mtu wa kyokushin anaweza kumaliza mwaka uso wake safi kabisa huku mapaja yana rangi zote, na siku akipigwa kichwani anakuwa amepigwa na mguu mzima wakati mikono yake iko chini. Watu wanaosema "kyokushin ni salama kwa kichwa kwa kuwa hakuna ngumi za uso" wanahesabu mapigo, hawahesabu uzito wake.

Haya, ugoko. Kwamba mfupa unakomaa ukipigwa ni kweli, sio hadithi ya masenpai, Mjerumani Julius Wolff aliandika tangu 1892 kwamba mfupa unajijenga kufuata mzigo unaoubeba. Ambacho hawakwambii ni jinsi unavyojijenga. Ni kama fundi anayekarabati ukuta wa udongo, lazima kwanza abomoe sehemu iliyochoka ndo akandike upya. Ndani ya mfupa kuna seli zinazokula mfupa wa zamani na seli nyingine zinazoweka mpya, na zile za kula zinatangulia. Kwa hiyo ukiongeza mapigo ghafla, wiki chache za mwanzo mfupa wako unakuwa dhaifu kuliko ulivyoanza, na mzunguko mzima unachukua miezi mitatu, minne hivi. Anayepiga mnazi kila asubuhi bila kupumzika anabomoa kila siku na hajampa fundi nafasi ya kukandika, mwisho mfupa unapata ufa mwembamba.

Na chupa? Hiyo chupa haikomazi mfupa, kusema kweli. Mbele ya ugoko hakuna nyama, ni ngozi halafu moja kwa moja utando unaofunika mfupa, na ule utando una mishipa ya fahamu kibao, ndo maana ukigonga stuli usiku unaita majina yote. Ukisugua na chupa unauchubua huo utando, unavimba, unavuja damu kidogo kwa chini, damu inaganda inakuwa kiuvimbe. Baadaye unasikia maumivu kidogo kuliko mwanzo, unafikiri mfupa umekuwa chuma, kumbe kilichobadilika zaidi ni jinsi ubongo ulivyozoea ile taarifa ya maumivu. Kwa hiyo uvimbe wako unaweza kuwa damu ya zamani tu, ambayo haina noma sana, au unaweza kuwa mfupa unaojaribu kuziba ufa. Nakupa namna ya kuanza kutofautisha. Pitisha kidole kimoja taratibu kutoka chini ya goti kwenda kifundoni. Kama maumivu yametandaa eneo refu, afadhali. Kama kuna sehemu moja ndogo, inafunikwa na ncha ya kidole, ukibonyeza unaruka, na ukirukaruka kwa mguu huo mmoja inauma palepale, au inakuamsha usiku, acha mateke leo nenda ukapigwe eksirei. Af ujue jambo moja, ufa wa namna hii wiki mbili tatu za mwanzo unaweza usionekane kwenye picha kabisa. Picha ikirudi safi na maumivu bado yako palepale, pumzika, rudi tena baada ya wiki mbili, usichukue ile picha kama cheti cha kurudi kwenye mnazi.

Ugoko unakomazwa na begi la kupigia na pedi za kushikiwa na mwenzio. Begi lenyewe hata la kununua halihitajiki, magunia ya jute hapo ghalani kwenu mnayaona kila siku, omba lililochakaa, lishindilie nguo kuukuu za mitumba na maranda ya mbao. Usiweke mchanga mtupu, mchanga unashuka wote chini, na baada ya mwezi sehemu ya chini, palepale unapopiga low kick, teke la chini, inakuwa zege. Ukibonyeza begi kwa dole gumba liingie kidogo. Anza mateke machache mepesi kila mguu, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana, ongeza taratibu kwa miezi. Najua miezi inaonekana mingi kwa mtu ana miaka 25, ila hao masenpai wenye magoko kama chuma waulize wameanza lini, utakuta ni miaka, sio zile asubuhi za mnazi.

Paja ndo lililonitia wasiwasi wa haraka. Low kick ikipiga paja inaiponda nyama dhidi ya mfupa wa paja, damu inavuja ndani kabisa mahali usipopaona. Mara nyingi mwili unaisafisha na mnasahau. Ila pigo likiwa zito, au likipigwa tena juu ya lilelile kabla halijapona, au likichuliwa kwa nguvu siku za mwanzo, ile damu inaweza kuanza kugeuka mfupa ndani ya nyama. Naam, mfupa kweli. Dalili zake ni hizohizo ulizoandika, kitu kigumu ndani ya paja baada ya wiki kadhaa na goti linalogoma kukunja. Sisemi ndo hicho ulichonacho, sijakushika, ila hilo linahitaji mtu akushike na picha ipigwe, wiki hii hii. Anzia hospitali ya Ligula, wakiona inahitajika watakupeleka hospitali ya kanda pale Mitengo. Msomaji wa Lindi nenda Sokoine, wa Masasi una Ndanda karibu.

Na hapa lazima nigombane na bibi zetu kidogo kwa heshima zote. Paja likipigwa, nyumbani kwetu jibu ni moja, maji ya moto na kuchua, tena kuchua kwa dole gumba mpaka mtu alie. Kwa paja lililopondwa, siku mbili tatu za mwanzo hiyo ni hatari, unaongeza kuvuja kwa damu na unaichokoza nyama. Fanya kinyume: barafu. Nenda feri wanapouza barafu ya samaki, vunja vipande, zungushia kitambaa usiweke moja kwa moja kwenye ngozi, dakika 15 mpaka 20, rudia kila baada ya saa mbili tatu siku hiyo. Halafu, hiki wengi hawakijui, usilale mguu umenyooka, kunja goti kadri linavyokubali bila kulazimisha, lifunge bandeji katika hali hiyo siku ya kwanza, nyama ipoe ikiwa imevutika. Maji ya moto ya bibi yatapata siku yake baadaye. Paja likivimba likawa gumu na kukaza, maumivu yanazidi badala ya kupungua, mguu unakufa ganzi, hapo hakuna barafu, ni hospitali usiku huohuo, kwa sababu presha ndani ya nyama inaweza kukata damu. Na kama baada ya siku ya mapigo mengi ya mapaja mkojo unatoka kahawia iliyokolea, hiyo ni nyama iliyopondwa inamwaga vitu vyake kwenye damu na figo zinalemewa. Usisubiri asubuhi.

Hapo hapo niingize diklofenaki zako. Figo zinahitaji damu ya kutosha kufanya kazi, dawa za jamii hiyo zinapunguza njia ya figo kujilinda pale maji yanapopungua mwilini, na wewe unazimeza kabla ya kutoka jasho la saa mbili kwenye joto la Mtwara, ukiwa umeshabeba magunia tangu asubuhi, halafu unaenda kupondwa nyama za mapaja. Hayo ni mambo matatu yanayozigonga figo kwa jioni moja. Bado sijataja tumbo, vidonda vya tumbo vinavyokuja na hizo dawa zikimezwa hovyo. Na hata tukisahau figo na tumbo, maumivu ndo mita yako pekee ya kujua ugoko umefika wapi, unaizima kwa makusudi halafu unaniuliza kama unajiharibu. Acha kuzimeza kabla ya mazoezi kuanzia leo. Kama siku huwezi kufanya mazoezi bila kidonge, basi siku hiyo sio ya mazoezi.

Sasa kichwa, na hapa nitakuwa mkali. Ubongo umekaa kwenye majimaji ndani ya fuvu, teke likifika kichwa kinazunguka ghafla na ubongo unachelewa nyuma, nyuzi zake zinavutwa, seli zinaingia kwenye vurugu ya nguvu na chumvi ambayo inachukua siku au wiki kutulia. Huo ndo mtikisiko wa ubongo. Sio lazima uzimie, wengi hawazimii. Kuona giza, kichwa kuuma siku tatu, kelele kukukera, hiyo inanitosha kusema ulipata, na ile raundi hukutakiwa kuimaliza. Usije ukadanganywa na siti skani safi pia, kipimo kile kinatafuta damu na fuvu lililovunjika, mtikisiko wenyewe hakiuoni. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona ndo tunaloliogopa, ni mara chache sana ila ubongo unaweza kuvimba ghafla na mtu akafa palepale, na hasa vijana. Na mbali na hilo, mapigo ya kichwa yanajumlishwa. Hakuna begi la kukomaza ubongo. Kofia ya kinga ya kichwani inasaidia kutochanika, kuzuia mtikisiko haijathibitika, na ngumi za ridhaa za wanaume wakubwa waliivua tangu 2013. Kinga ya meno ivae, ila ni kwa ajili ya meno.

Taratibu ninayoipa watu ni hii. Ukipigwa kichwani na ukahisi chochote, umetoka siku hiyo, huendeshi pikipiki kurudi nyumbani na hulali peke yako usiku ule. Siku moja mbili za kupumzika, kutembea taratibu ruksa, simu punguza. Dalili zikiisha unarudi hatua kwa hatua, kukimbia mchangani Shangani kwanza, halafu kihon na kata, yaani mapigo ya msingi na mfululizo wa kupiga hewani peke yako, halafu begi na pedi, kila hatua angalau siku nzima, dalili ikirudi unashuka hatua moja. Kupigana mwisho kabisa, na kwa mtu asiye na daktari wa timu mimi naweka wiki tatu kamili, na aonwe na daktari kwanza. Wewe bado hujafika hapo. Mtu akianza kutapika mara kwa mara, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia haamki vizuri, ulimi unakuwa mzito, mboni moja kubwa kuliko nyingine, degedege, au majimaji maangavu kama maji yanatoka puani au sikioni, usiulize mtu, tafuta usafiri.

Mara tatu kwa wiki sparingi kali ni nyingi mno, kwa mtu wa miezi nane ni nyingi zaidi. Mwili unajenga siku ya kupumzika, na wewe siku zako za kupumzika uko ghalani unabeba gunia la kilo 80. Hili watu wa mazoezi wanalisahau, wanahesabu ya dojo tu, mgongo na magoti yako yanahesabu yote. Msimu wa korosho ukipamba moto, kuanzia Oktoba huko, punguza mazoezi nusu bila aibu, halafu ndo msimu huohuo joto na unyevu vinapanda, jasho linatiririka halikauki na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kama mnaanza saa kumi jioni hamisheni ziwe saa kumi na mbili asubuhi au baada ya magharibi. Mwenzenu akianza kuongea visivyoeleweka au kupepesuka kwenye joto, mwagieni maji mpepee kwanza, maswali baadaye. Mwezi wa Ramadhani ukiwa umefunga, kihon na kata jioni sawa, kupigana kweli subiri baada ya futari.

Nikipanga mimi wiki yako ingekuwa na sparingi nyepesi moja au mbili, ile ya kugusana ambapo unaweza kumchekea mwenzio katikati ya raundi, kinga za ugoko mmevaa, na kali moja kila wiki mbili, na mtu wa uzito wako. Kinachobaki ni pedi, begi, mbinu, nguvu. Utasema hivyo utakuwa laini. Hapana, ufundi wa kuona teke linakuja unajengwa ukiwa na akili imetulia, sio ukiwa unavumilia. Chakula usinunue makopo ya unga wa misuli, una dagaa, samaki, mbaazi, korosho na karanga mlangoni, kula vya kutosha na lala. Na mikwaruzo mioshe kwa sabuni, taulo usishirikiane na mtu, kama hujachanja homa ya ini B kachanje, mnapigana mikono mitupu na damu inapita.

Kuhusu sensei, mwalimu wenu, najua ugumu uko hapo. Dojo ina heshima yake, ukisema "naumwa" kuna wa kukuita mzembe. Mfuate kabla ya mazoezi, pembeni, sio mbele za watu, mwambie "sensei nina jeraha la paja na la kichwa, daktari amenipa wiki kadhaa bila kupigana, naomba niendelee na kihon na kata na nishike pedi." Hapo hujaomba kukwepa, umeomba kufanya kazi. Mwalimu mzuri atakubali, na wengine wataanza kukutumia kuwafundisha wageni. Akikulazimisha kupigana na kichwa hakijapona, basi tafuta dojo nyingine, hata ya shotokan au goju-ryu ambako pigo linadhibitiwa, fulu kontakti utaikuta tu ukipona.

Mashindano ya Dar, nikijibu kwa ukweli: kama ningekuwa kaka yako ningekwambia hii iache, nenda ukaangalie, kaa upande wa wapiganaji ujifunze. Miezi mitatu ingetosha kwa mtu mzima wa afya. Wewe una paja ambalo hatujui ni nini, ugoko wa kupigwa picha na ubongo ambao ndo kwanza umetulia, na ukitoa wiki za kupona unabaki na muda mfupi wa kujiandaa, utajikuta unaongeza mazoezi kwa pupa, na pupa ndo inapasua magoko. Kama majibu yote yatarudi safi ndani ya mwezi huu, goti linakunja sawa na lile lingine, umemaliza hatua za kichwa bila dalili, na daktari aliyekushika amekubali, sitakuzuia, ila sparingi kali ya mwisho iwe wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Utafika arobaini ukiwa mzima? Siwezi kukuahidi, mchezo huu una gharama hata ukichezwa vizuri, magoti na nyonga zinajua. Ila gharama kubwa kwenye barua yako, chupa, mnazi, vidonge, ile raundi uliyoimalizia gizani, hakuna hata moja iliyo ndani ya sheria za mchezo.

Mdogo wako mlete. Miaka 13 ni umri mzuri wa kujifunza kusimama, kuanguka, kata, kihon, mateke ya pedi. Asiguse mambo ya kukomaza ugoko hata kidogo, mifupa yake bado ina sehemu laini za kukulia karibu na maungio, zikivunjika vibaya mguu unaweza kukua mfupi au kupinda. Sparingi yake iwe ya kugusana, amevaa kinga, bila teke la kichwani, na wenzake wa umri na uzito wake, sio na kuli wa miaka 25 anayejaribu kujipima. Muulize sensei kabla kama ana darasa la watoto la peke yao, akisema wote wanapigana pamoja, basi asubiri. Akifika 16 au 17 mlete tuongee upya.